Mtihani wa Mazingira Hauulizi Kama Unapenda Miti

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, Mbeya

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi vijana: habari za asubuhi. Kaeni. Toeni daftari na kalamu, maana hotuba hii ina hesabu ndani yake, na asiyeandika ataondoka na makofi tu.

Naanza na jibu ambalo wasahihishaji wamelisoma mpaka wamelichoka. Swali linasema: eleza kwa nini mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima unaweza kukauka kiangazi. Mwanafunzi anaandika: "Watu wanakata miti ovyo na wafugaji wanaharibu mazingira. Serikali itoe elimu na wananchi wapande miti." Mwandiko mzuri, uchungu na nchi upo, alama hakuna. Mtihani hauulizi kama unayapenda mazingira. Unauliza kama unajua yanavyofanya kazi: nini kinasukuma nini, kwa kiasi gani, na wapi kinakwama.

Kwa wengi wenu mazingira hayana hata pepa yake peke yake. Yametawanyika: kipande Jiografia, kipande Biolojia, kipande Kilimo. Ndiyo maana watu huyaacha mpaka wiki ya mwisho wakidhani ni mambo ya kujua tu, kama salamu. Leo nataka tuyapige msuli kama tunavyopiga Fizikia.

Tuchukue mto Ruaha Mkuu, kwa sababu upo hapa hapa kwetu. Vijito vinavyoulisha vinashuka kutoka Uporoto na Kipengere na kuingia bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa nini? Milimani mvua ni nyingi, bondeni ni haba, kwa hiyo mpunga wa Usangu unategemea maji ya mito. Maji yanachukuliwa kwenye banio, yaani kizuizi chenye lango mtoni, na kuingizwa mferejini. Banio likiachwa wazi hata baada ya mavuno, maji yanaendelea kuingia, yanasambaa kwenye majaruba matupu na kupotea kama mvuke bila kumfaa mtu. Kinachobaki mtoni ndicho kinachofika kwenye ardhioevu ya Ihefu.

Na Ihefu ina jambo moja ambalo mwanafunzi akilitaja, msahihishaji anaamka. Pale maji yanapotokea, Ng'iriama, pana kizingiti cha mwamba. Ihefu ni kama beseni: maji hayatoki mpaka yavuke ukingo. Usawa wa maji ukishuka chini ya mwamba ule, mto chini yake haupungui polepole, unakatika kabisa, hata kama nyuma ya mwamba bado kuna maji mengi. Ndiyo sababu upungufu unaoonekana mdogo kule juu kwenye mabanio unaleta matokeo makubwa kule chini hifadhini.

Endeleeni na mnyororo. Mto ukikatika, hifadhini yanabaki madimbwi. Viboko wote wanakusanyika humo. Kinyesi chao kinaingia kwenye maji yasiyotembea, bakteria wanakiozesha, na katika kuozesha wanatumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Oksijeni ikishuka mno, samaki wanakufa. Umeona? Tumeanza na banio la mpunga, tumemaliza na samaki mfu, na kila hatua ina sababu yake.

Hapo wengi wanarukia umeme: Ruaha ikikauka, bwawa la Mtera linakauka, taa zinazimika. Taratibu. Ni kweli maji ya Ruaha yanazungusha mitambo ya Mtera, megawati 80, kisha Kidatu, megawati 204. Lakini Mtera hujazwa hasa na maji ya msimu wa mvua, na hulishwa pia na Ruaha Mdogo unaotoka upande wa Iringa pamoja na mto Kisigo. Mtiririko wa kiangazi kutoka Usangu ni uhai kwa viboko na samaki, ila kwa ujazo wa bwawa ni sehemu ndogo. Swali likisema "jadili", utofauti huo wa misimu ndio mjadala wenyewe. Asiyeuona ataandika kurasa mbili za lawama.

Sasa namna ya kujisomea. Kusoma daftari mara nne kunakupa hisia ya kujua, kwa sababu jicho limeizoea kurasa. Chumba cha mtihani hakina kurasa ile. Funga daftari. Chukua karatasi tupu, andika chanzo kushoto na tokeo la mwisho kulia, kisha jaza katikati kwa mishale. Juu ya kila mshale andika "kwa sababu", halafu sababu yenyewe. Mshale usio na sababu ndipo ulipo udhaifu wako. Usiupambe, uache wazi. Zikipita dakika kumi fungua daftari, jaza mapengo kwa kalamu nyekundu. Rudia mnyororo uleule kesho yake, kisha baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki tatu, kila mara kwenye karatasi mpya. Wekundu usipopungua kufikia mara ya tatu, shida yako si kumbukumbu. Kuna kitu hujakielewa, nenda kwa mwalimu na karatasi hiyo mkononi.

Pepa yenyewe ni ya Kiingereza, nalijua hilo. Mweleze mwenzako mnyororo kwa Kiswahili kwanza, mpaka akuelewe bila kukuuliza, ndipo uuandike kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Aliyekariri sentensi ndefu ya kitabuni, neno moja likimtoka, sentensi yote imekwenda.

Nirudi kwenye oksijeni, maana hapa alama zinamwagika. Kuna kipimo kinachoonyesha bakteria wanahitaji oksijeni kiasi gani kuozesha uchafu uliomo majini. Unachukua maji, unapima oksijeni iliyoyeyuka, unajaza chupa bila kuacha kiputo cha hewa, unafunga, unaiweka gizani kwa siku 5 kwenye nyuzijoto 20, kisha unapima tena. Tuseme siku ya kwanza ni miligramu 8.2 kwa lita, siku ya tano ni 3.1. Mahitaji ni tofauti yake: 5.1. Kosa la kwanza ni kudhani namba kubwa maana yake maji yana oksijeni nyingi. Ni kinyume: namba kubwa, uchafu mwingi. Kosa la pili ni kushindwa kusema kwa nini gizani. Ni kwa sababu mwani ukipata mwanga utafanya usanisinuru na kuongeza oksijeni ndani ya chupa, na kipimo kitadanganya.

Hesabu nyingine hazina ugumu wowote ila uzembe wa vipimo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania wapatao milioni 44.9, ya 2022, milioni 61.7. Ukuaji ni asilimia 3.2 kwa mwaka. Idadi itaongezeka mara mbili baada ya miaka mingapi? Tumia kanuni ya 70: gawanya 70 kwa asilimia ya ukuaji, hapa 3.2, unapata karibu miaka 22. Mtu anageuza asilimia kuwa 0.032, anagawa, anapata miaka 2,187, na anaiandika bila kustuka! Kanuni hii inataka namba ya asilimia kama ilivyo. Jibu likikataa akili ya kawaida, rudi nyuma kabla ya kupiga mstari.

Mvua nayo. Milimita 1 ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Hekta ni mita za mraba 10,000, si 1,000. Kwa hiyo milimita 1 kwenye hekta ni lita 10,000, yaani mita za ujazo 10. Ukiambiwa shamba la mpunga la hekta 1 limetumia milimita 1,000 kwa msimu, ni mita za ujazo 10,000. Zidisha kwa hekta ulizopewa na utaelewa kwa namba kwa nini kufunga banio kiangazi si jambo dogo.

Mtiririko wa mto: upana mara kina cha wastani mara kasi. Kijito cha upana mita 4, kina mita 0.5, kitu kinachoelea kikipita mita 0.3 kwa sekunde. Eneo ni mita za mraba 2. Lakini maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na mawe, kwa hiyo kasi ya kitu kinachoelea hupunguzwa, kwa kawaida huzidishwa kwa 0.85. Hiyo ni 0.255, na mtiririko ni mita za ujazo 0.51 kwa sekunde. Anayesahau kupunguza anapata 0.6. Mtego upo hapo.

Ya joto na mwinuko ninyi mnaijua kwa ngozi zenu. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700, Kyela karibu mita 500. Tofauti ni 1,200. Kwa wastani joto hushuka nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Kyela inatuzidi karibu nyuzi 7.8. Ila kuna asubuhi za Juni na Julai kanuni hii inageuka. Usiku wa anga safi ardhi inapoteza joto haraka, hewa inayoigusa inapoa, inakuwa nzito, inateremka mabondeni, na hewa yenye joto zaidi inabaki juu kama kifuniko. Moshi wa mkaa na wa matanuri ya matofali unanaswa chini. Ukiulizwa kwa nini moshi hauinuki, usiandike "kwa sababu ya baridi". Andika kwamba hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu, hivyo haina kinachoisukuma kupanda.

Sasa miti. Najua mnaipenda, na mikoa hii imebarikiwa: misindano ya Sao Hill kule Mufindi, mikaratusi kila kilima. Lakini "tupande miti" bila kusema mti gani na wapi ni jibu la mabango. Mkaratusi unakua haraka, na kinachokua haraka kinavuta maji mengi. Ukiuweka kwenye chemchemi umeunyonya mto mdomoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito, mabwawa na vyanzo vingine vya maji. Taja namba hiyo na kifungu chake. Ni alama za bure kwa mtu mwenye kumbukumbu.

Na Kitulo je? Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kwa ajili ya maua. Ni uwanda wa nyasi na okidi, watu wanaiita Bustani ya Mungu. Mtu akisema tuiboreshe Kitulo kwa kupanda misindano, kivuli kitaua nyasi na okidi zinazohitaji mwanga, na tutakuwa tumeharibu mazingira kwa kupanda miti. Swali la namna hii likija, nusu ya darasa litaanguka. Okidi zenyewe zina tishio jingine: viazi vyake huchimbwa na kuuzwa Zambia kwa ajili ya chakula. Anayechimba kiazi ameng'oa mmea mzima, hakuna kinachobaki kuchipua. Mfano mmoja kama huu, ulioelezwa mpaka mwisho, una thamani kuliko kutaja hifadhi sita.

Shamba la misindano nalo lina faida zake: mbao, ajira, kaboni inayofungwa kwenye shina. Lakini ni spishi moja, umri mmoja. Msitu wa asili wa Rungwe una tabaka kwa tabaka, na humo anaishi kipunji, nyani ambaye sayansi ilimtambua rasmi mwaka 2005. Ukiulizwa kulinganisha, linganisha kwa kipimo kimoja kimoja: spishi, maji, kaboni, kipato. Usiandike aya ya msitu, halafu aya ya shamba, ukamwachia msahihishaji kazi ya kulinganisha.

Mada zinazofanana majina au matatizo huchanganywa kila mwaka. Kutoboka kwa tabaka la ozoni na ongezeko la joto duniani ni mambo mawili. Ozoni iko juu, inachuja mionzi ya urujuanimno. Ilitafunwa na klorini ya gesi zilizokuwa zikitumika kwenye majokofu na makopo ya kupuliza, na mkataba wake ni wa Montreal, 1987. Ongezeko la joto linatokana na gesi zinazonasa joto linalorudi kutoka ardhini, kaboni dayoksaidi na methani zikiongoza, na makubaliano yake ni ya Paris, 2015. Methani mnayo jirani: jaruba la mpunga lililofurika halina oksijeni kwenye tope lake, na vijidudu wa mle huzalisha gesi hiyo.

Zebaki nayo ina jozi yake. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwemo wa Chunya, huichanganya na mchanga ili ishike dhahabu, kisha huichoma. Mvuke unapaa, nyingine inaishia mtoni, na bakteria wa matope wanaigeuza kuwa aina inayoshika kwenye nyama ya viumbe. Samaki mmoja kujilimbikizia zebaki mwilini katika maisha yake ni jambo moja. Kiwango kuongezeka kutoka mdudu hadi samaki mdogo, hadi samaki mkubwa, hadi mlaji, ni jambo la pili. La kwanza ni ndani ya mwili mmoja, la pili ni kupanda ngazi za mnyororo wa chakula. Andikeni hivyo hivyo.

Mzunguko wa naitrojeni sitauchora hapa, mnao kwenye vitabu. Niseme tu unapovunjika. Mmea hauvuti naitrojeni ya hewani moja kwa moja, ingawa ni asilimia 78 ya hewa. Rizobiamu kwenye vinundu vya mizizi ya maharage ndio wanaoifunga. Kuigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, ni kazi ya bakteria wengine kabisa, nao wanahitaji oksijeni. Udongo ukituama maji, wanakuja wa kundi la tatu wanaoirudisha hewani, na mahindi yanageuka njano hata kama mbolea iliwekwa. Fosforasi haina hatua ya gesi. Anayeichorea mshale wa kwenda angani amejikosesha mwenyewe.

Kwa vitendo, msisubiri maabara. Kata kamba, pima mita moja kila upande, funga vigingi vinne: hiyo ni kuadrati. Nendeni kiwanjani mhesabu mimea. Wanafunzi hutupa kuadrati pale penye maua mengi, au hugeuka na kuirusha nyuma wakidhani huo ni ubahati nasibu. Weka kamba mbili zenye alama za mita, zikutane kwenye pembe; chota namba mbili zilizoandikwa kwenye vikaratasi, nenda mita hizo, namba moja kwa kila kamba. Fanya angalau mara kumi. Wastani wa mimea kwa kuadrati zidisha kwa eneo la kiwanja, una makisio ya idadi. Kwa udongo, chukua chupa ya lita moja na nusu, udongo theluthi, maji mpaka karibu na shingo, tikisa vizuri, simamisha. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, tope laini saa kadhaa, mfinyanzi siku nzima au zaidi. Pima kila tabaka kwa rula, gawa kwa kimo chote, una asilimia. Anayepima baada ya nusu saa ataripoti kwamba udongo wa Mufindi hauna mfinyanzi!

Diskasheni ziwe za watu watatu au wanne. Wakiwa kumi, wawili wanafundisha na wanane wanasinzia. Kila mmoja aje na swali moja aliloshindwa, si mada aliyoimudu. Baraza la Mitihani hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, upo bure kwenye tovuti yake. Humo mna majibu mazuri, na mna majibu mabovu pamoja na sababu ya ubovu. Nayathamini yale mabovu zaidi. Msome jibu bovu, mfunge, mliandike upya mpaka lipate alama zote.

Chumbani, gawa muda kwa alama. Pepa ya saa tatu yenye alama 100: toa dakika 15 za kukagua, zinabaki 165, yaani karibu dakika 1.65 kwa alama. Swali la alama 20 ni dakika 33, na zikiisha unahama hata kama utamu umekolea, kwa sababu alama za mwanzo za swali jingine ni rahisi kuliko za mwisho za hili. Swali la hesabu, andika kanuni, weka namba na vipimo vyake, ndipo jibu. Ukikosea kuzidisha, hatua zako zinaweza kukuokoa. Ukikwama kwenye maelezo, rudi kwenye mshale: nini kilitangulia, kikafanya nini, kwa sababu gani.

Kidato cha sita, karatasi tupu zipo kwa wasimamizi wa mabweni. Prepu ya leo kila mmoja achore mnyororo wa Ruaha bila daftari, kesho saa mbili nitakusanya. Karibuni maswali.